Mekapu Inayokatika: Fedha Yako Ianzie Wapi?

Nenda dukani ulalamike kwamba mekapu yako inakatika ikifika mchana. Utaambiwa ubadilishe faundesheni, uchukue ile ya bei. Ukirudi na lalamiko lile lile, utauziwa praima. Ukirudi tena, spreyi. Mwisho wa yote mkoba umejaa chupa, pembeni ya pua rangi bado inaachia, na chini ya macho mistari ipo pale pale.

Hapa tunalinganisha njia za kuzuia hali hiyo, zinazouzwa na zisizouzwa, kwa gharama yake na kwa kazi zinayoifanya kweli. Msimamo wangu nautanguliza: mara nyingi kosa haliko kwenye bei ya faundesheni. Liko kwenye wingi wa unachopaka na kwenye tabaka za chini ambazo hazielewani na za juu. Ndiyo maana orodha ya ununuzi inapaswa kuanza na vitu vya bure, na baadhi ya vile vya ghali huenda usivihitaji kamwe.

Jua kwanza ugonjwa wako

Watu husema "mekapu imeharibika" wakimaanisha mambo matatu tofauti, na kila moja lina dawa yake.

La kwanza ni kukatika. Rangi inaachia ngozi na kubaki mabaka, hasa puani, kidevuni na kwenye paji la uso. Hizo ndizo sehemu zenye tezi nyingi za mafuta. Mafuta na jasho hutoka chini ya rangi, yakailegeza na kuisukuma. Wakati mwingine mafuta hayahusiki kabisa: losheni au praima iliyo chini imeikataa faundesheni, na hapo mabaka huanza asubuhi hiyo hiyo, kabla hata hujatoka nyumbani.

La pili ni kujikunja. Rangi inahama sehemu tambarare na kukusanyika kwenye mikunjo: chini ya macho, juu ya kope, na kwenye mistari ya kicheko pembeni ya mdomo. Ngozi ya chini ya jicho ina unene wa karibu nusu milimita tu, nayo hukunjwa kila unapopepesa au kucheka. Hakuna faundesheni inayoweza kuizuia isikunjwe. Unachoweza kufanya ni kupunguza kinachobaki pale cha kukusanyika.

La tatu ni magamba. Ngozi imekauka, rangi inashika vile vigamba na kuvionyesha zaidi. Wakazi wa Njombe, Mbeya na Iringa wanalijua hili kila Juni na Julai, na wanaoshinda kwenye ofisi zenye kiyoyozi wanalijua mwaka mzima.

Njia ya kutofautisha haina gharama. Jitazame kwenye kioo saa sita mchana karibu na dirisha. Mabaka yanayong'aa ni mafuta. Mistari isiyong'aa ni wingi wa rangi. Ukiona ukavu na uchakavu, ngozi inaomba unyevu. Mwenye magamba akinunua poda ya kukausha mafuta amelipia kuongeza tatizo, na mwenye mafuta akinunua krimu nzito kwa sababu rafiki yake wa Njombe ameisifia, naye vivyo hivyo.

Bure: punguza, subiri, jaribu

Fundi akipiga lipu nene kwa mkupuo mmoja, ukuta unapasuka, na usoni ni hivyo hivyo. Anza na tone la ukubwa wa njegere kwa uso mzima. Weka katikati ya uso, sehemu zenye wekundu au madoa, kisha usambaze kuelekea nje. Chini ya macho usiongeze kitu. Pitisha kile kilichobaki kwenye sponji. Doa likionekana bado, lifunike lenyewe kwa konsila kidogo badala ya kuongeza tabaka jingine uso mzima.

Pili, subiri. Losheni ipewe dakika chache iingie kwenye ngozi. Ya kukinga jua inahitaji zaidi; ushauri wa kawaida wa wataalamu wa ngozi ni kuipaka dakika 15 kabla ya kutoka, na muda huo unafaa pia kwa mekapu itakayofuata. Kabla ya faundesheni, bandika tishu usoni, ikandamize kwa viganja, uitoe. Kitakachobaki kwenye tishu ndicho ambacho kingeifanya rangi yako iteleze.

Tatu, jaribu kama vitu vyako vinaelewana. Faundesheni nyingi za maji zina maji, silikoni na vitu vinavyozishikisha hizo mbili pamoja. Nyingine zimelalia upande wa silikoni, nyingine upande wa maji. Ukipaka ya upande wa maji juu ya praima nzito ya silikoni, inaweza kujikusanya matone matone au kuviringika vipande vidogo kama vya kifutio cha penseli. Kusoma lebo kunasaidia, lakini kuna mtego. Vipodozi huorodheshwa viambato vyake kuanzia kilicho kingi, na neno "aqua", yaani maji, huwa la kwanza karibu kwenye kila chupa. Usiishie hapo. Angalia majina manne yanayofuata. Ukikuta dimethicone, cyclopentasiloxane au mengine yanayoishia na "-cone" au "-siloxane" yako juu juu, umeshika chupa ya silikoni.

Usipopenda kusoma majina hayo, tumia mkono. Weka tone la praima au losheni yako nyuma ya kiganja, juu yake tone la faundesheni, sugua taratibu, ngoja dakika mbili. Ikitoa punje au ikiachana, usoni itafanya hivyo hivyo. Jaribio hili lifanyie dukani, kwenye chupa ya majaribio, kabla hujafungua pochi. Muuzaji asiyekuruhusu kujaribu amekupunguzia sababu ya kununua kwake.

Hesabu ya chupa

Tutumie bei za mfano, kwa kuwa bei za kweli hubadilika toka duka hadi duka. Tuseme chupa ya kwanza inauzwa shilingi 25,000 na ya pili shilingi 120,000, zote za mililita 30.

Ukipaka mililita moja kwa siku, kila chupa inakwenda siku 30. Ya kwanza inakugharimu kama shilingi 833 kwa siku, ya pili shilingi 4,000. Ukipunguza hadi nusu mililita, chupa inakwenda siku 60, na gharama inashuka hadi shilingi 417 na 2,000. Sasa ongeza praima ya shilingi 45,000 yenye mililita 30, nusu mililita kwa siku: hiyo ni shilingi 750 nyingine. Maana yake ni kwamba anayepaka chupa ya bei nafuu kwa wingi na kuitegemeza kwa praima anatumia shilingi 1,583 kwa siku, karibu mara nne ya anayepaka chupa ile ile kidogo bila praima. Na huyo wa pili ndiye mwenye nafasi kubwa zaidi ya kumaliza siku bila mistari.

Tofauti ya bei kati ya chapa ipo duniani kote. Marekani, Maybelline Fit Me huuzwa chini ya dola 12 na Estée Lauder Double Wear hupita dola 45, na chupa zote mbili ni za mililita 30. Unacholipia kwenye ya ghali ni nini? Double Wear, iliyoko sokoni tangu 1997, imetengenezwa kushika kwa saa nyingi na inakauka haraka usoni. Kwa ngozi ya mafuta na joto la Dar es Salaam hiyo ni faida ya kweli. Kwa ngozi kavu, au kwa mkono usio mwepesi, kukauka haraka kunageuka kero: ukichelewa kuisambaza, inaganda ilipo.

Kosa la kawaida zaidi kuliko kukosea bei ni kukosea aina ndani ya chapa hiyo hiyo. Fit Me inauzwa kwa sura mbili: Matte + Poreless kwa ngozi ya kawaida hadi ya mafuta, na Dewy + Smooth kwa ya kawaida hadi kavu. Fenty Beauty ya Rihanna, iliyoanza 2017 na rangi 40 na kuingia rasmi Kenya mwaka 2022, nayo ina Pro Filt'r isiyong'aa na nyingine yenye unyevu. Chupa zinafanana, jina kubwa ni moja, kazi ni kinyume. Soma maandishi madogo chini ya jina.

Praima: nani anaihitaji?

Praima ziko za namna tatu. Za silikoni hujaza vitundu na kulainisha uso. Zinafaa mwenye vitundu vikubwa anayetumia faundesheni ya silikoni. Za kunata, mara nyingi zenye gliserini, hushika rangi na kuupa uso unyevu. Hizi zinamfaa mwenye ngozi kavu. Za kukausha mafuta ni kwa mwenye kung'aa tu, na zipakwe pale panapong'aa, si uso mzima. Ukipaka puani, kwenye paji la uso na kidevuni pekee, bomba moja linaweza kukaa miezi mingi.

Kama ngozi yako ni ya kawaida na umeshapunguza wingi, losheni iliyokauka vizuri inatosha. Hapo ndipo shilingi 45,000 ya mfano wetu inapobaki mfukoni.

Kuna mbadala unaozunguka mitaani: dawa ya tumbo ya magnesia kupakwa kama praima. Inakausha mafuta kweli, lakini ni ya alkali kali, wakati ngozi yenye afya ina asidi kidogo. Ukiitumia mara kwa mara unaharibu kinga ya juu ya ngozi, na ngozi iliyoharibika ndiyo inayotoa magamba. Kilichoonekana bei rahisi kinakurudisha kwenye tatizo la tatu. Diodoranti za kuzuia jasho za kwapa na spreyi za nywele nazo ziache zilikotengenezewa.

Poda: hapa fedha inafanya kazi

Kati ya vitu vyote vya kununua, poda ndiyo inayorudisha thamani haraka zaidi kwa mkazi wa pwani. Inanyonya mafuta na kuzuia rangi isitembee. Tuseme kopo la gramu 20 ni shilingi 20,000 nawe unatumia robo gramu kwa siku: linakwenda siku 80, yaani shilingi 250 kwa siku.

Poda ya unga ya kopo ni nyepesi, na ni bora kwa kukazia asubuhi. Poda ya kuganda yenye kioo ni rahisi kubeba, lakini ukiirudia rudia inajenga tabaka nene. Chagua yenye rangi inayokaribia ngozi yako. Zile nyeupe zinazodaiwa kutoonekana, hasa zenye silika nyingi, huweza kurudisha mwanga wa kamera. Bi harusi mweusi akipigwa picha hutoka na majivu chini ya macho. Piga picha moja yenye flashi kabla ya kutoka, utajua.

Poda ya watoto ndiyo mbadala wa siku nyingi, na ni nafuu kuliko zote. Ina mawili ya kuangalia. Weupe wake hauifai ngozi nyeusi. Pia nyingi zimekuwa zikitengenezwa kwa talki, ambayo mwaka 2024 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliiweka kwenye kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani; Johnson & Johnson walikuwa wameshatangaza mwaka 2022 kwamba wanaacha kuuza poda ya talki duniani. Zipo za wanga wa mahindi, na lebo itakuambia. Talki imo pia kwenye poda nyingi za uso, hivyo anayetaka kuikwepa asome viambato vya zote mbili.

Mpangilio nao ni pesa. Mafuta yakitokeza mchana, nyonya kwanza kwa tishu, kisha ndiyo uguse poda. Ukiweka poda juu ya mafuta unapika uji usoni, na hapo ndipo wengi wanapoilaumu faundesheni.

Sponji, brashi au vidole

Vidole ni bure, na joto lake hulainisha krimu nzito. Brashi hufunika zaidi, lakini huacha michirizi na rangi nyingi. Sponji iliyoloweshwa na kukamuliwa vizuri inasambaza rangi nyembamba na kunyonya inayozidi. Kwa tatizo la mistari, ndiyo chombo kinachofaa kuliko vingine. Usiivute, igongeshe gongeshe. Hasara yake ni kwamba inakunywa faundesheni kidogo na inahifadhi vijidudu isipooshwa. Ioshe kwa sabuni angalau mara moja kwa wiki, na ukiona imeanza kumeguka au inanuka, itupe. Sponji tatu za bei ndogo zinazobadilishwa zinashinda moja ya jina kubwa iliyokaa mwaka mzima.

Spreyi ya kukazia

Zipo zenye vitu vinavyoacha utando mwembamba juu ya rangi, na zipo ambazo ni maji, gliserini na harufu. Zote zinaandikwa kwa maneno ya kuvutia yale yale. Ya kwanza inaongeza saa kwenye mekapu ya harusi. Ya pili inaondoa unga unga wa poda na kuupa uso uhai, kazi ambayo maji ya waridi yanayojulikana Zanzibar na Mombasa yanaifanya kwa bei ndogo zaidi. Ukitaka ya utando, tafuta PVP au jina lenye "copolymer" kwenye viambato. Zenye alkoholi nyingi zinakauka haraka, lakini mwenye ngozi kavu azikwepe. Kwa mekapu ya kazini ya kila siku, spreyi ni anasa.

Chupa iliyokufa na chupa ya bandia

Kabla ya kulaumu ngozi, kagua chupa. Kuna mchoro mdogo wa kopo lililofunguliwa wenye namba kama 6M au 12M. Hiyo ni miezi ya kutumia tangu ufungue. Andika tarehe ya kufungua kwa kalamu chini ya chupa. Faundesheni iliyojitenga mafuta juu na rangi chini hutikiswa tu ikiwa mpya. Ikiwa ni ya zamani, imebadilika harufu au ilisahaulika ndani ya gari juani, haitashika usoni hata uipake kwa ustadi gani.

Bandia ni hasara mbili kwa mpigo: fedha imekwenda, na hujui umejipaka nini. Jina kubwa kwa robo ya bei yake ya kawaida ni onyo tosha. Tanzania, usimamizi wa vipodozi uko chini ya shirika la viwango, TBS, tangu 2019; Kenya, alama ya kutafuta ni ya shirika la viwango la huko, KEBS. Na anayetumia krimu za kung'arisha zenye zebaki, haidrokwinoni au steroidi asitarajie faundesheni ikae, kwa sababu krimu hizo zinaichubua na kuidhoofisha ngozi yenyewe. Kuziacha, tena kwa msaada wa daktari wa ngozi ikiwa ni za steroidi, ni hatua ya kwanza ya kupata mekapu inayotulia.

Sendoff moja, au kila siku?

Kama hitaji lako ni kitchen party, sendoff au harusi tu, usinunue seti nzima. Mlipe mpambaji. Ila muulize mambo matatu: atakufanyia jaribio kabla ya siku yenyewe? Anatumia sponji safi kwa kila mteja? Mekapu imewahi kukaa kwenye ngozi kama yako kwa saa ngapi? Siku ya jaribio kaa na mekapu hiyo hadi jioni, ucheze, ule, utoke jasho. Picha ya dakika ya kwanza haisemi lolote kuhusu saa ya sita.

Kwa anayejipaka kila siku, mpangilio wa kununua ni huu:

Bajeti ndogo: faundesheni ya bei nafuu inayolingana na aina ya ngozi yako, sponji moja, tishu. Paka kidogo. Fanya hivi kwa wiki mbili kabla ya kuongeza kitu chochote.

Bajeti ya kati: ukiwa pwani au una ngozi ya mafuta, ongeza poda ya rangi yako. Ukiwa nyanda za juu au una ngozi kavu, ruka poda, tia fedha hiyo kwenye losheni nzuri ya uso.

Bajeti kubwa: hapo ndipo faundesheni ya kudumu saa nyingi inapoingia, kisha praima ya sehemu zinazosumbua, na spreyi ya utando mwisho kabisa.

Anayepanda ngazi hizi kwa mfuatano atajua kila shilingi imefanya nini, maana ataongeza kitu kimoja kwa wakati na kuona tofauti yake. Anayenunua vyote siku moja hatajua kipi kimemponya wala kipi kimemharibia, na mekapu ikikatika tena, atarudi dukani kuuziwa cha tano.